Masikio ya Mama Waya na Mkebe wa Biskuti

Saa tatu asubuhi, Mama Waya anamfunga shemeji yake macho kwa taulo la vyombo, mbele ya wateja watatu.

"Usinibane pua, shemeji!"

"Pua haisikilizi muziki. Tulia."

Mama Waya ni fundi redio, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. "Siku njema natengeneza redio nne. Siku mbaya nafuta vumbi," anasema.

Mezani pake vipo visanduku viwili. Kazi ya kila kimoja ni kugeuza namba za muziki zilizomo kwenye simu ziwe sauti ya kuingia spika. Kimoja kinang'aa kama jino la dhahabu. Bei yake ni mapato ya fundi huyu ya miezi mitatu. Kingine amekiunda mwenyewe ndani ya mkebe wa biskuti.

Kinachong'aa ni cha shemeji, mdogo wa mumewe. Ameleta vinane, anataka Mama Waya avisifie kwa wateja. Mmoja wa wateja, mkunga mstaafu aliyejinyima mwaka mzima ili asikilize vizuri nyimbo za ujana wake, tayari amefungua pochi.

"Nikimwambia nunua, atanunua," anasema Mama Waya. "Ndiyo maana siropoki."

Kabla ya kuanza anachukua kipimo chake, analinganisha ukubwa wa sauti ya visanduku vyote viwili. Juzi, nyumbani kwa shemeji, aligundua kile cha bei kilikuwa kimeongezwa sauti kidogo. "Sikio hupenda chenye kelele zaidi, halafu linajiona limeelimika."

Wimbo uleule unapigwa mara tano, kila mara kwa visanduku vyote viwili. Shemeji anasikiliza huku shingo ikimcheza.

"Hiki! Msikie mpiga gitaa anavyovuta pumzi! Hiki ni changu, nakula kiapo!"

Mara nne kati ya tano, anausifia mkebe.

Taulo linafunguliwa. Mkunga anafunga pochi yake. "Basi mie mwanangu nipe biskuti."

Shemeji anabeba visanduku vyake vinane, na kabla hajafika kona ameshampigia kaka yake simu. Mume wa Mama Waya, fundi viatu wa chumba cha pili, anaingia na kiatu mkononi.

"Mke wangu, umemuumbua mdogo wangu mbele za watu. Mwombe radhi yaishe."

Mama Waya anaanika taulo. Kuanzia mwezi ujao, anasema, kila mnunuzi atafungwa macho kwanza, ndipo atatajiwa bei.

"Mwambie taulo lilikuwa safi," anamjibu mumewe. "Radhi siombi."