Dawa ya Pinki ya Njeri

Juzi daktari aliniambia homa ya mwanangu imeletwa na virusi, na antibayotiki huua bakteria tu. Mtoto akanuna, nami nikamkumbuka dadangu Njeri.

Alasiri moja utotoni, kwetu Bahati, tuliumwa sote wawili. Koo la Njeri lilikuwa limefura kwa bakteria, akapewa dawa ya pinki iliyonukia ndizi. Mimi nilipewa maji moto na ndimu.

"Yako ni homa tu, itaisha yenyewe," mama alisema huku akitikisa chupa ya Njeri.

Nilidhani dawa hupewa mtoto anayependwa. Mama alipoenda kukama ng'ombe, nilimaliza chupa yote. Homa yangu haikusikia dawa hiyo. Njeri alizidiwa, akalazwa, na mama akalala naye hospitalini siku tatu.

Hata hapo nilimwonea wivu.