Maji Nusu Sanduku

Mtu wa kwanza kuotesha mboga bila udongo hapa Newala ni mimi. Atakayebisha aje na sanduku lake tulinganishe. Sikusomea. Darasa la nne nililiacha katikati, viatu nilivaa siku niliyojinunulia mwenyewe, na useremala niliuiba kwa macho, kwa kumshikia fundi ubao. Leo nina nyumba ya bati ya vyumba sita na gari la mizigo, bovu lakini langu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anayesimulia si mtu wa kubahatisha. Yanayofuata hayanipi sifa, na nimeyakalia miaka mingi.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Foleni za duka la ushirika zilikuwa zimekwisha, mitumba imemwagwa chini sokoni, na wanunuzi binafsi wa korosho wameanza kupanda kutoka pwani na magunia yao, kila mmoja na mizani yake. Mwenye akili alikuwa anatafuta la kuuza. Mimi nilikuwa napiga milango na vitanda.

Basi Masasi akaja mtaalamu mmoja wa kilimo, mgeni, akapanga nyumba na kuniagiza masanduku. Aliyataka marefu kama meza ya kulia, kina shubiri moja na nusu, yenye mfuniko. Nilipoyapeleka nikakaa nione anayafanyia nini. Akatandika nailoni nyeusi ndani, akajaza maji, akakoroga mbolea za aina mbili, kila moja kwenye ndoo yake, akamimina. Akanitobolesha matundu kwenye mfuniko. Katika kila tundu akatumbukiza kikombe cha plastiki kilichotobolewa kitako, ndani changarawe na mche wa saladi. Kikombe kinagusa maji kidogo tu. Akafunika, akanawa mikono.

"Na pampu?" nikamwuliza.

"Hakuna."

"Na kumwagilia?"

"Hakuna. Umejaza mara moja, basi mpaka uvune."

"Maji yakipungua je?"

"Yaache yapungue. Mmea unakunywa, maji yanashuka, mizizi ya juu inabaki hewani. Hiyo ndiyo pua yake. Ukijaza tena, umeuziba pua."

Neno hilo nikalibeba mpaka Newala kama mtu aliyeokota almasi. Sikuandika popote. Mimi nikisikia jambo mara moja limeingia.

Mtu wa bondeni hawezi kujua kwa nini nilifurahi vile. Juu huku kwetu hakuna mto wala chemchemi. Mvua inakingwa kwenye bati, inaingia kisimani chini ya uwanja, na kisima kikikauka kwenye mwezi wa tisa au wa kumi, wanawake wanateremka ukingo kwenda bondeni kuchota, wanapanda nayo kichwani. Bomba la serikali lilikuwapo. Lilikoroma siku mbili, likanyamaza mwezi. Sasa fikiria bustani inayokunywa mara moja tu.

Lakini furaha yangu ilikuwa na jambo jingine ndani. Mke wangu alikuwa ameharibu mimba mbili, zote wakati wa kiangazi, zote baada ya kupanda ule mteremko na ndoo. Kwetu mtu mzima haitwi kwa jina lake. Anaitwa Baba wa fulani, Mama wa fulani. Sisi tulikuwa na miaka saba kwenye ndoa, mimi naitwa Fundi, na yeye watu wakimsalimia walifika kwenye "Mama" wakasita, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Mimba ya tatu ilipoingia, mganga wa hospitali ya misheni alimwambia mbele yangu asibebe kitu kizito. Nikamwambia mke wangu: "Mwaka huu bondeni huendi. Nitalipa maji yaletwe kwa baiskeli. Wewe kaa." Nilipenda mimba ile ifike kuliko nilivyopenda kitu chochote nilichowahi kukitengeneza kwa mikono yangu.

Nikapiga masanduku manane, nikayapanga nyuma ya nyumba chini ya kivuli cha makuti. Majirani wakaja kuchungulia.

"Njomba," mmoja akaniambia, "umeanza majeneza ya jumla?"

"Ya kuwazika wavivu," nikamjibu.

Wakacheka. Wiki ya nne saladi ilikuwa imefunika ubao wote, majani yamejikunja kama nguo iliyopigwa pasi, na hakuna aliyecheka tena. Wakaanza kuuliza siri. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa wakati ule niliona ni ujanja. Niliwaambia ni dawa. Nikasema nimepewa na mtu wa mbali, haina maelezo, atakayefunua sanduku ataona mwenyewe. Nilijua wakishajua kwamba siri ni maji yaachwe yashuke, kila mwenye msumeno atakuwa na sanduku. Saladi ilikuwa yangu peke yangu. Wanunuzi wa korosho waliolala nyumba za wageni, Newala na Masasi, walikuwa watu wa mjini, walitaka majani mabichi kwenye sahani zao, na aliyekuwa nayo mwezi wa kumi, ardhi imekauka kama kigae, ni mimi.

Na mke wangu nikamwambia maneno yale yale. Labda niliogopa atawaambia wenzake kisimani. Labda nilipenda tu kuonekana mkubwa nyumbani kwangu.

"Mume wangu, mle ndani mna nini?" aliniuliza.

"Usifunue. Usiguse. Kazi yako ni kulala."

"Hata kama yanataka kitu?"

"Hayataki kitu."

Mwisho wa mwezi wa kumi, mimba ina miezi sita, nilivuna masanduku matatu nikapanda lori kwenda Masasi. Nilisema siku mbili. Barabara ikaharibu lori huko njiani, na Masasi kwenyewe nikakuta wanunuzi wameteremkia Lupaso kufuata korosho, nikawafuata. Zikawa siku sita. Sikutuma neno. Kwa nani? Nilijua maji ya nyumbani yapo, mwenye baiskeli nimeshamlipa, masanduku yanajilinda.

Yaliyotokea nyuma nilisimuliwa na bibi jirani yetu, mama wa makamo aliyekuwa akimsaidia mke wangu kupika. Siku ya tatu jua lilikuwa kali mno. Saladi ya sanduku moja ikanyong'onyea mchana, kama inavyofanya hata ya shambani, na jioni ingeinuka yenyewe. Mke wangu akaona. Akavumilia. Kesho yake ikanyong'onyea tena, akafunua mfuniko.

Sasa, msomaji, tazama kwa macho yake. Sanduku nusu. Mizizi myeupe inaning'inia hewani, ncha tu ndizo zinazogusa maji. Mimi nilipoona vile niliona pua. Yeye aliona kiu. Mwanamke wa uwanda huu tangu msichana anafundwa kwamba chombo cha maji hakiachwi nusu. Mgeni akikuta mtungi haujajaa, anajua hamna mke mle. Kabla ya kulala unajaza, kabla ya kusafiri unajaza, hata kwenye msiba, mtu amelala ndani amefunikwa, kuna mwanamke anajaza mtungi. Na fedha ya bustani ile ndiyo iliyolipa maji ya baiskeli, ndiyo iliyosema hataenda bondeni tena. Ataiacha ife, mume yuko safarini?

Mwenye baiskeli alikuwa ameleta madumu mawili siku ile, hayatoshi. Akasema atarudi, hakurudi. Tandahimba walikuwa wanampa zaidi. Mke wangu akamimina hayo na maji yote ya pipa la nyumbani, bado hayakutosha, ndipo akatwaa ndoo.

"Mama, acha," yule bibi alimwambia. "Akirudi atajaza mwenyewe."

"Akirudi atakuta vimekufa. Bibi, hivi ndivyo vya mtoto."

Alishuka mara mbili siku ile, na mara mbili kesho yake. Masanduku yote matano akayajaza mpaka ukingoni, kwa mkono wake, bila kumwaga tone.

Nilirudi saa tisa alasiri, nimevaa shati jipya. Nikapitia nyuma moja kwa moja, kama kawaida yangu, kwanza nione mali. Saladi yote ilikuwa imelala juu ya mbao, ya njano, laini kama mboga iliyochemshwa. Nikafunua. Maji yamefika kwenye vikombe, na ile mizizi ya juu imekuwa kahawia, inateleza, inanuka kama kinamasi. Nikafunua la pili. La tatu. Nikapiga kelele ambazo barabarani walizisikia:

"Nani kajaza? Nani kajaza maji humu?"

Yule bibi akatokea mlango wa nyuma, kanga yake imefungwa kiunoni kama ya mtu aliyekuwa kazini.

"Shikamoo, bibi. Nani kajaza?"

"Marahaba." Akanitazama sana. "Umeuliza maji. Hujauliza mtu."

Akasogea pembeni, akaniachia mlango.

Mtoto alikuwa ametoka asubuhi ile. Wa kiume. Wanawake walikuwa wameshamzika, kama desturi ya wasiofika, na mwanaume haonyeshwi mahali. Ninajua tu kwamba ni ndani ya kiwanja changu, kwa sababu jembe langu lilikuwa na udongo. Tangu siku ile nimejenga jiko, choo, banda la kuku, na kila nikichimba msingi nachimba polepole.

Mke wangu alilala ubavu, uso ukutani. Alisikia kelele zangu zote, maana dirisha la chumba linatazama nyuma, kwenye masanduku.

"Yamepona?" aliniuliza.

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa mwongo mzuri kwenye biashara. Nikasema, "Yamekufa."

"Nilichelewa kuyajaza?"

Nilimvutia shuka begani. Kumjibu ilikuwa ni kumwambia kwamba ndoo zile ndizo zilizoyaua, na mimi nilijua, na sikusema.

Baada ya wiki mjomba wake alikuja kutoka Mnyambe. Kwetu mjomba wa mke ndiye mwenye neno. Nilitandika mkeka, nikamwamkia, nikangoja matusi. Hakuja na matusi.

"Mkwe, ulimwambia yasijazwe?"

"Nilimwambia asiguse, mjomba."

"Sikuuliza hivyo. Ulimwambia kwa nini?"

Mimi ambaye sijawahi kushindwa neno na mnunuzi yeyote, nilitazama mkeka. Akainuka. "Basi," alisema. Hakudai chochote. Ningefurahi angedai.

Nilipiga masanduku tena, ishirini safari hii, na mali yangu yote imetoka humo. Siri nikaitoa bure. Anayekuja kujifunza, kabla hajagusa msumari, namwonyesha mizizi iliyo hewani, namwambia pua ndiyo hii, na namwambia akamweleze mkewe leo leo kabla hajala. Wengine wananicheka kwamba nafundisha kuanzia mwisho.

Mimba nyingine haikuingia. Watu, kwa utani na bila ubaya, walitupa majina wenyewe: mimi Baba Sanduku, yeye Mama Sanduku. Anaitika.

Nilikuja kumweleza, mwaka mzima baadaye, tumekaa tunabangua korosho. Nilimweleza yote, ya pua na ya maji. Akabangua mbili tatu zaidi. Akasema, "Kumbe."

Lakini tangu hapo hamimini kitu bila kuuliza. Mtungi, taa ya mafuta, kikombe changu cha chai asubuhi. Anashika birika, anainamisha, chai inafika katikati, anasimamisha mkono.

"Nijaze," anauliza, "au niache?"