Nilikimbilia mahindi yangu nikiwa mwalimu wa zamu, mtoto akavunjika mkono

Wakuu, niaje. Leo najisema mwenyewe na sipunguzi kitu. Mkinichapa maneno ni sawa, nimezoea, mimi ni mwalimu.

Nafundisha primary moja ya day huku Tongaren, Bungoma. Nyumba yangu iko nyuma tu ya fence. Wiki hiyo nilikuwa zamu, yaani mwenye kuangalia watoto asubuhi, break, lunch, na jioni mpaka wa mwisho atoke gate.

Sasa mahindi yangu yote ilikuwa imeanikwa kwa turubai. Wenye mnalima huku kwetu mnajua mvua ya mchana vile haina adabu. Kengele ya lunch ikalia, nikaona wingu limefunga.

Nikajiambia, si ni dakika kumi tu?

Tena kabla nitoke nikajaza kitabu cha zamu kabisa: "Lunch, watoto wamesimamiwa, hakuna tukio." Wengi wetu tulikuwa tunajaza mapema ndio jioni tusichelewe. Ujinga mtupu.

Nikiwa nafunika mahindi nikasikia mayowe. Nafula wa Grade 4 alikuwa amepanda stendi ya tenki ya maji, ile tunawafukuzanga kila siku, akaanguka. Mkono wa kulia umevunjika.

Tulimkimbiza hospitali Kitale. Njia yote alikuwa ananiuliza kama ataandika tena. Nililia, siwafichi.

Kesho yake HM, mwalimu mkuu wetu, akaniita. Ati Baba Nafula anakuja kuuliza nani alikuwa na watoto.

"Kitabu kinasema ulikuwa," HM akaniambia. "Shikilia hiyo hiyo."

Kazi yangu ndio ilikuwa mezani, wakuu. Nikatoka nje nikapigia binamu yangu, wakili Bungoma mjini. Hakunibembeleza.

"Kengele ya lunch haikutoi kazini. Mtoto akiwa ndani ya shule, sheria inataka mumwangalie vile mzazi makini angefanya. Si kila mtoto akianguka ni makosa ya shule. Lakini hiyo stendi mlijua wanapanda, na hamkuwa hapo. Sasa unataka kuongeza uongo?"

Baba Nafula ni mkulima, mtu wa maneno machache. Alipoketi, HM akamsogezea kitabu. Nikakifunga.

"Hiyo niliandika kabla. Sikuwepo. Nilienda kufunika mahindi."

Akakisukuma kitabu kando. Kisha akasema, "Madam, mahindi ungetuita tungekuja kuanua. Watoto ndio hatuwezi kuja kuangalia. Hao tulikuachia."

Bana, hiyo iliniuma kuliko barua ya onyo niliyopewa. Na barua nilistahili.

Siku hizi zamu ni walimu wawili, na kitabu kinajazwa jioni. Stendi imezungushiwa waya. Wazazi ndio walichimba mashimo ya nguzo, Baba Nafula akiwa mbele.

Baadaye HM aliniambia huyo mzee siku ile alikuwa amekuja kuomba uhamisho, apeleke mtoto kwa shangazi yake Kitale. Akaondoka bila kuuomba.

Jumatatu amemleta Nafula mpaka gate, plaster imetoka, mtoto anaandika. Akauliza nani ako zamu. Nikamwambia ni mimi. Akaachilia mkono wa mtoto, akaenda zake.

Nimejifunza kwamba masomo ikisimama, kazi yetu haisimami. Wazazi, shuleni kwenu saa ya lunch nani anaangalia watoto? Semeni hapa. Na walimu wenzangu wa kujaza kitabu mapema, najua mnasoma hii. Anzeni nyinyi.