Mkono wa Mama Ndindi

Ndindi hukagua mazungumzo ya mashine. Alinieleza mwenyewe: simu huomba kitu, kompyuta iliyo mbali hujibu, naye huangalia kama kila upande umefuata utaratibu, ombi kwanza, jibu baadaye. Akikuta kosa, huliripoti bila huruma.

Mimi nauza mboga hapa Kayole, mkabala na nyumba ya mama yake. Masikio ya Mama Ndindi yamekataa kabisa. Jioni binti akitoka kazini hubisha hodi, kisha husimama nje kama mgeni, na mlango uko wazi! Siku moja nilishindwa kuvumilia.

"We Ndindi, si uingie tu! Hakusikii."

"Mama alinifunza nisiingie kwa mtu kabla sijakaribishwa," akanijibu. "Hata kama hasikii, nyumba bado ni yake."

Akaenda dirishani, akapunga leso mpaka mama akageuka na kuinua mkono: karibu. Ikawa hivyo kila jioni. Mimi nikaguna, nikaendelea kukata sukuma wiki.

Jana, kabla Ndindi hajafika, nilimwona mama kupitia dirisha. Amegeuza kiti kinaelekea nje, mkono tayari uko juu, unatetemeka kwa kuchoka. Binti alipotokea nikamwonyesha.

"Haya, mkaguzi! Jibu limekuja kabla ya ombi. Hilo si kosa?"

"Ni kosa kabisa," akasema, machozi yakimlengalenga.

Akakimbilia dirishani akipunga leso, ili mama apate kuushusha mkono.