Siku Mia Moja Ishirini na Nane za Rubani Ibtisam

Tarehe 1 Juni 2015, siku ya Jumatatu, Ibtisam Azan Mahfoudh aliajiriwa kuwa rubani wa shirika la Mbayuwayu, lenye ndege sita ndogo ziendazo Mafia, Pemba na Tanga. Tarehe hiyo imo kwenye barua yake ya ajira, yenye sahihi na muhuri. Kwenye orodha ya ukongwe kazini iliyobandikwa ubaoni tarehe 14 Julai 2025, haimo. Orodha inasema ameajiriwa tarehe 17 Januari 2022.

Mbayuwayu linaungana na kampuni moja ya Arusha. Marubani wa pande zote mbili ni arobaini na mmoja; ndege zitakazobaki zinahitaji thelathini na watatu. Kanuni waliyokubaliana ni ile ya siku zote: wa mwisho kuingia, wa kwanza kutoka. Kwa tarehe ya 2015 Ibtisam ni wa kumi na nne. Kwa tarehe ya 2022 ni wa thelathini na sita, na hata kama angebakizwa kwa huruma, angelipwa mshahara wa rubani wa mwaka wa nne. Mwisho wa kupokea pingamizi ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyohiyo, saa kumi jioni.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna msiba. Mumewe, Shamsudin, fundi wa injini za boti, aliugua homa siku tano na kufariki tarehe 9 Septemba 2021. Ibtisam alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikaa eda Dunda, Bagamoyo, nyumbani kwa mama mkwe wake, Kibibi, katika chumba alichozaliwa marehemu, na anaishi humo mpaka leo.

Kanuni za shirika ziliruhusu likizo bila malipo isiyozidi siku thelathini. Eda ya mfiwa ni miezi minne na siku kumi. Mkuu wa marubani wakati huo, Kapteni Bwanausi, alikuwa mtoto wa Dunda, hakuhitaji kuelezwa. Siku ya tatu ya matanga aliketi barazani na, kwa kuwa mwenye eda haketi na wanaume wa nje, akamtuma Kibibi ndani.

"Mwambie aandike barua ya kuacha kazi. Ni karatasi tu. Siku akitoka eda aje, kiti chake kipo."

Ibtisam aliandika. Bwanausi naye alitimiza ahadi. Siku mbili baada ya kutoka eda, Ibtisam alisaini mkataba mpya na wiki ileile akarusha ndege kwenda Mafia. Hakuna aliyemwambia, wala Bwanausi mwenyewe hakufikiri, kwamba ile karatasi tu ilikuwa imefuta miaka sita.

Anachokumbuka zaidi katika siku zile ni pasi. Kila Alhamisi Kibibi alifua shati lake jeupe la kazi, akalipiga pasi na kulitundika nyuma ya mlango. Halikuwa limevaliwa. Wiki ya tatu Ibtisam akamuuliza analifulia nini.

"Lisije likakusahau," Kibibi alisema.

Na asubuhi ya kurudi kazini alilifukiza udi, mpaka rubani msaidizi, kijana aitwaye Mikdad, akauliza leo wamebeba abiria au bibi harusi.

Jumatatu ile ya orodha, Ibtisam alimpigia simu ofisa rasilimali watu kabla hajavua viatu. Yule ofisa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na jalada mbele yake na kalenda ukutani.

"Dada Ibtisam, hapa kuna barua yako ya kuacha kazi. Ukisema ni eda, miezi minne na siku kumi toka tarehe tisa Septemba inaisha tarehe kumi na tisa Januari. Wewe umesaini tarehe kumi na saba. Mwenye eda angetokaje kabla?"

Kibibi alikuwa anachambua mchele hapohapo. Alisikia yote kwenye spika ya simu. Alimaliza ungo wake, akanawa mikono.

"Mimi ndiye niliyekuzuia usitoke," alisema. "Baadaye nikasikia mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa ajili ya riziki. Sikukwambia. Niliona haya."

"Ningerusha ndege gani siku zile, mama? Nilikuwa sijui hata kufunga kitasa."

"Lakini nilikuzuia."

"Ulinizuia nisianguke."

Kibibi aliingia chumbani na kufungua kabati lake la mninga. Ndani ya mlango wa kabati lile, tangu alipoolewa, ameandika kwa penseli kila aliyezaliwa na kila aliyekufa katika nyumba ile, kwa miezi ya mwandamo, Mfungo huu na Mfungo ule, na kwa kalenda ya kizungu. Karibu na chini paliandikwa: Ibtisam kaingia eda 2 Mfungo Tano, 9/9/2021. Katoka 12 Mfungo Tisa, 15/1/2022. Siku 128.

"Eda inafuata mwezi," alisema. "Haifuati kalenda ya ukutani ya mtu. Niitie fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa bawaba. Huu mlango unakwenda Kerege kwa Bwanausi, aliyeitaka ile barua."

"Mama, nitaupiga picha."

"Picha watasema imepikwa."

Kesho yake waliondoka na mlango ukiwa umechomoza kwenye buti ya gari dogo la Ibtisam, umefungwa kwa kamba ya manila na kufunikwa kanga. Bwanausi, mstaafu sasa, anafuga kuku wa mayai mita mia mbili kutoka barabarani. Alisimama na ndoo ya pumba mkononi, akawatazama wanavyoushusha.

"Shemeji, umekuja kunihamia?"

"Nikuhamie, nilale na kuku?"

"Shikamoo, Kapteni," alisema Ibtisam.

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

Ibtisam alimweleza, akamwomba kiapo. Bwanausi alisoma nakala ya orodha mara mbili, akaikunja kwa mkunjo wake uleule na kumrudishia.

"Mimi nilikusaidia, Ibtisam."

"Ulinisaidia, Kapteni."

"Miaka thelathini na moja hakuna aliyekuta kosa kwenye jalada nililoliandika mimi. Sasa niape mbele ya wakili kwamba barua ya kuacha kazi niliibuni mwenyewe, na huyu hakuacha kazi?"

"Uongo umeshaandikwa, shemeji," Kibibi alisema. "Unaombwa uufute ungali hai."

Bwanausi aliweka ndoo chini. Alikuwa amekasirika, na Ibtisam, aliyeruka naye saa nyingi, alijua kwamba akikasirika hutafuta kitu cha kusoma. Safari hii palikuwa na mlango. Aliinama, akapitisha kidole juu ya penseli, mstari hadi mstari, mpaka akafika kwa Mzee Haji, mume wa Kibibi, rafiki yake wa ujana.

"Hapa umekosea. Haji alizikwa Jumamosi."

"Alizikwa Ijumaa. Wewe ulichelewa, ukafika Jumamosi."

Bwanausi alicheka kidogo, akajifuta macho kwa kiganja chenye pumba.

"Kapteni," Ibtisam alisema, "andika hivyohivyo ulivyonisaidia. Usipunguze, usiongeze."

Bwanausi aliingia ndani kutafuta miwani. Aliandika kurasa mbili kwa mkono, kwa herufi za mtu aliyezoea kujaza fomu za safari. Aya ya mwisho ilisema: Sikuona mahali pa kuandika eda katika fomu zetu, nikaandika kuacha kazi. Kosa ni langu, si lake.

Jumatano waliapa kwa wakili, Bagamoyo mjini. Wakili aliupiga mlango picha nne na kuziambatisha kwenye hati ya kiapo. Kibibi alitaka mlango wenyewe ubaki ofisini.

"Mama, majalada yetu hayana bawaba," wakili alisema.

Hati ilipokelewa makao makuu ya shirika Alhamisi tarehe 17 Julai, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na nakala ikagongwa muhuri. Jioni ile fundi aliurudisha mlango mahali pake. Unafunga kwa shida kidogo, inabidi uinuliwe. Ndani yake hakuna mstari mpya. Kibibi anasema mlango ule ni wa waliozaliwa na waliokufa, na kazi si mojawapo. Kisha alichomeka pasi.

Mpaka sasa Ibtisam bado ni wa thelathini na sita. Kesho anarusha ndege ya saa moja na nusu kwenda Mafia, abiria kumi na wawili. Kamati ya orodha inakaa Jumanne tarehe 29 Julai, saa tatu asubuhi, na Kapteni Bwanausi ameitwa kutoa maelezo.