Makinga Maji ya Meshaki

Mwaka 1975 kila mtu kijijini Lupepo alikuwa ndugu wa kila mtu kwa agizo la Chama, na Meshaki, msomaji mzuri wa Biblia, alikumbuka kuwa Kaini na Abeli nao walikuwa ndugu. Ndugu aliyemkera yeye ni Jotham, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, aliyepewa toroli na serikali.

Toroli lenyewe jipya, la kijani, gurudumu halijaona tope. Jotham alipewa kwa kuchimba makinga maji shambani na kuacha matete ukingoni mwa kijito, udongo ubaki kwake na maji yawe masafi. Hapo Meshaki alishindwa kuelewa. Mtu anazawadiwa kwa kutofyeka matete! Yeye ya kwake aliyafyeka kila mwaka, na hakuna aliyemletea hata mpini wa jembe.

"Lipo la pili," alisema mkewe, Tupokigwe, aliporudi mkutanoni. Meshaki hakwenda, kwa kuwa mkutano ulifanyika shambani kwa Jotham. "Bwana Shamba anasema atakayechimba makinga maji mazuri kuliko wote kijijini atalipata kabla ya Sabasaba."

"Yanachimbwaje?"

"Si ungekuja uone? Mifereji. Ya kukinga maji."

Kukinga maji Meshaki alikujua tangu utoto: unatega ndoo chini ya paa, maji yanaingia. Sasa shamba likiwa ndilo paa, ndoo ni ipi? Kijito. Alichimba wiki tatu, mifereji kumi na minne, imenyooka kama rula kutoka migombani juu mpaka majini. Ya Jotham ilikuwa tisa tu, tena imelala kukatisha mteremko, kama kazi ya mtu aliyechoka. Meshaki aliitazama kutoka ng'ambo akamwonea huruma kidogo.

Mvua ya Aprili ikanyesha siku mbili bila kuvuta pumzi. Siku ya tatu kijito kilikuwa chai ya maziwa, migomba minne imelala ndani yake, na akina mama waliokuja kuteka maji wamesimama na ndoo tupu, macho juu kwa Meshaki.

"Tata Meshaki!" mmoja aliita. "Leo tunywe, au tufinyange vyungu?"

Bwana Shamba, Ndugu Hezron, alifika viatu mkononi. Aliiangalia ile mifereji kuanzia migombani mpaka majini.

"Ndugu, kukinga ni kuzuia. Maji unayazuia njiani yasikimbie na udongo. Wewe umeyajengea barabara."

"Na toroli?"

"Toroli atalipata mtu mwingine."

Jioni akaja Jotham. "Nimekukatia majani ya kupanda, yashike udongo uliobaki. Njoo uyachukue kwa toroli langu, mimi mgongo unanisumbua."

Hakucheka, hakusimanga, na hilo ndilo lililomchoma Meshaki kuliko yote. "Ndaga fijo," alishukuru, meno yamebana.

Alikuwa analisukuma toroli, majani yamejaa, alipokutana na jirani mwingine, Veronika, aliyekuwa Makandana kwa dada yake wiki nzima.

"He! Tata, hongera! Kumbe umelipata?"

Meshaki akageuka nyuma. Jotham hakuonekana.

"Ndaga," alijibu, akashika njia ndefu ya kurudi nyumbani, ile inayopita kanisani, penye watu.