Hodi Ndani ya Kifukofuko

Juzi mwanangu alitikisa kiberiti karibu na sikio langu, nikashtuka. Nilikumbuka Johannesburg utotoni mwangu, tulipotoka Tanga kumtembelea mjomba, na mama akanipeleka kwa mfumaji wa hariri pale Kensington. Mtambo wake wa mbao, ukiendeshwa na msaidizi wake, uligonga ta, ta, ta, na sufuria iliyokuwa ikichemka ilinuka kama dagaa waliochacha.

Mfumaji, mama wa Kikongo, alinipa kifukofuko cheupe, kidogo kama yai la njiwa.

"Mtoto, humu ndani mdudu analalaka."

Nilikitikisa, kitu kikagonga. Kwetu hodi haiachwi bila jibu, ila niliogopa kitakachotoka.

"Karibu," nilinong'ona. Kikagonga tena. "Karibu," nilirudia, huku machozi yakinitoka.

"Anaongea na nani huyu?" mama yangu alicheka.

Mfumaji alikichukua taratibu, akakitumbukiza sufuriani pamoja na vingine, ili nyuzi zilegee. Nilipiga yowe hadi mtambo ukasimama.

Sasa najua mdudu yule alikwisha kukaushwa kitambo, na kilichombishisha hodi ni mikono yangu iliyokuwa ikitetemeka. Hata hivyo, juzi nilimnyang'anya mwanangu kile kiberiti, nikakifungua kabla hata ya kumuuliza ametia nini.